Uongozi Mpya wa Mbio za Farasi Kentucky na Wapanda Farasi Weusi Waliosahauliwa

Michezo ni sehemu ya utamaduni. Jambo hili hukubaliwa na wengi, lakini aghalabu husemwa kwa haraka bila ya kuchunguzwa. Mchezo ukitazamwa uwanjani huonekana kuwa ni furaha ya saa chache: watu hukusanyika, hushangilia, kisha hurejea makwao. Lakini nyuma ya furaha hiyo pana ardhi, pana kazi ya mikono, pana fedha, pana sheria, na pana uongozi. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua jinsi watu fulani walivyoishi hana budi kutazama michezo yao pamoja na nyimbo na ngoma zao. Hana budi kuuliza ni nani aliyecheza, ni nani aliyetazama, ni nani aliyepokea fedha mlangoni, na ni nani aliyesahauliwa.

Katika insha hii tutaichunguza klabu moja ya mbio za farasi katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, nchini Marekani. Wengi wetu twaufahamu mji huo kwa kuwa ndiko alikozaliwa bondia Muhammad Ali mwaka 1942. Kisa chenyewe ni cha uongozi mpya ulioukuta uwanja ukiwa taabani kwa hasara, ukaufufua na kuujaza watazamaji. Kwa kipimo cha hesabu ya watu, ni vigumu kupata mfano bora zaidi. Hata hivyo, katika miaka ileile ambayo majukwaa yalikuwa yakijaa, watu wenye asili ya Afrika, ambao walikuwa wameujenga mchezo huo kwa mikono yao, waliondolewa juu ya matandiko. Mambo hayo mawili hayana budi kusomwa pamoja.

Kuanzishwa kwa klabu

Kentucky ni nchi ya majani mazuri na maji mengi, na tangu zamani imekuwa maarufu kwa ufugaji wa farasi. Ilikuwa pia nchi ya utumwa. Ingawa jimbo hilo halikujitenga na Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, utumwa uliendelea kuwa halali humo mpaka Desemba 1865, katiba ya Marekani ilipobadilishwa. Katika mashamba ya farasi, kazi zote za kutwa zilifanywa na watumwa: kulisha, kuogesha, kufunga majeraha, kuwazoesha farasi hatamu na tandiko, na kuwapanda siku ya mashindano. Mtoto mwepesi wa mwili aliwekwa juu ya farasi akiwa bado mdogo. Hivyo maarifa ya farasi yalikaa kwa watu weusi, na faida ya maarifa hayo ikaenda kwa mabwana wao.

Miaka michache baada ya vita, kijana mmoja wa ukoo wa kitajiri, Meriwether Lewis Clark, alisafiri Ulaya. Huko Uingereza aliyaona mashindano ya Derby ya Epsom, yaliyoanzishwa mwaka 1780, na huko Ufaransa akakutana na wakuu wa klabu ya mbio za farasi ya Paris. Aliporudi nyumbani aliazimia kuanzisha mashindano ya namna hiyo. Alipewa ardhi kwa kukodi na wajomba zake wawili wa ukoo wa Churchill, na kwa ajili hiyo uwanja ukaja kuitwa Churchill Downs. Fedha za ujenzi zilipatikana kwa kuuza uanachama: wanachama 320 walilipa dola 100 kila mmoja, zikapatikana dola 32,000.

Uwanja ulifunguliwa tarehe 17 Mei 1875, na siku hiyo yalifanyika mashindano ya kwanza ya Kentucky Derby. Inakadiriwa kuwa watu 10,000 walihudhuria. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka 13, Matt Winn, aliyetazama mbio akiwa amesimama juu ya gari la mizigo la baba yake katikati ya uwanja. Mtoto huyo tutakutana naye tena.

Waliokuwa juu ya matandiko

Farasi 15 walikimbia siku hiyo. Kati ya wapanda farasi 15, 13 walikuwa watu weusi. Aliyeshinda ni Oliver Lewis, Mmarekani mweusi, akiwa amempanda farasi Aristides. Mkufunzi wa Aristides alikuwa Ansel Williamson, ambaye naye alikuwa mtu mweusi na alizaliwa utumwani. Mwenye farasi ndiye aliyekuwa mzungu. Mpango huu haukuwa ajabu kwa watu wa wakati ule, kwani kila mtu alijua kwamba ujuzi wa farasi ulikuwa mikononi mwa watu weusi.

Mambo yaliendelea hivyo kwa zaidi ya robo karne. Katika mashindano 28 ya kwanza ya Derby, tangu 1875 hadi 1902, wapanda farasi weusi walishinda mara 15. Mashuhuri kupita wote alikuwa Isaac Murphy, aliyezaliwa mwaka 1861, mwaka uleule aliozaliwa Matt Winn. Baba yake Murphy alifariki akiwa askari katika jeshi la serikali lililopigana na majimbo ya watumwa. Murphy alishinda Derby mwaka 1884, 1890 na 1891, na alikuwa mpanda farasi wa kwanza kuishinda mara tatu. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika kila mashindano 100 aliyoingia alishinda 44. Alisifiwa kwa utulivu na uaminifu: hakumchosha farasi kwa mjeledi, wala hakukubali kununuliwa ili ashindwe. Alikufa mwaka 1896 kwa ugonjwa wa mapafu.

Walikuwapo na wengine. Alonzo Clayton alishinda mwaka 1892 akiwa na umri wa miaka 15, na James Perkins akashinda mwaka 1895 akiwa na umri huohuo. Willie Simms alishinda mwaka 1896 na 1898. Hata umiliki haukukosa kuguswa: farasi Kingman, aliyempa Murphy ushindi wa mwaka 1891, kwa sehemu alikuwa mali ya Dudley Allen, mtu mweusi, ambaye pia ndiye aliyemfundisha. Basi siku hiyo mmoja wa wenye mali, mkufunzi na mpanda farasi wote walikuwa weusi, miaka 26 tu baada ya utumwa kukomeshwa.

Klabu inadhoofika

Wakati wapanda farasi wakipata sifa, klabu yenyewe ilikuwa ikizama. Yafaa tutaje sababu zake, maana ni sababu zinazoweza kuiangusha klabu yoyote.

Kwanza, klabu haikupata faida ya kutosha tangu mwanzo, na Clark mara nyingine alilazimika kutia fedha zake mwenyewe. Pili, uongozi uligombana na wateja wake wakubwa. Mwaka 1886 tajiri mmoja kutoka California, James Ben Ali Haggin, alikuja na farasi wake na akashinda Derby. Lakini kwa sababu ya ugomvi uliokuwapo baina ya klabu na wapokea dau, yeye na rafiki zake hawakupata nafasi ya kuweka dau kama walivyotaka. Aliondoka kwa hasira pamoja na farasi wake, na matajiri wengine wa mashariki ya Marekani wakauepuka uwanja wa Louisville kwa miaka mingi. Tatu, mbio zilikuwa ndefu mno kwa farasi wachanga wa miaka mitatu, yaani maili moja na nusu. Mwaka 1892 walikimbia farasi watatu tu. Mtu hawezi kulipa kiingilio kila mwaka kwa ajili ya kuwatazama farasi watatu.

Mwaka 1894 klabu ilichukuliwa na kampuni mpya. Kampuni hiyo ilijenga jukwaa jipya lenye minara miwili iliyochongoka, ambayo mpaka leo ni alama ya uwanja huo, na mwaka 1896 mbio zilipunguzwa zikawa maili moja na robo. Hayo yalikuwa mageuzi mema, lakini hayakutosha. Clark mwenyewe alijiua mwaka 1899. Karne ya 20 ilipoanza, klabu ilikuwa na majengo mazuri na daftari la hesabu lenye hasara.

Uongozi mpya wa mwaka 1902

Mwezi Mei 1902 Derby ilishindwa na Jimmy Winkfield, kijana mweusi wa Kentucky, aliyekuwa ameshinda pia mwaka 1901. Safari hii farasi wake, Alan-a-Dale, alimaliza akiwa mbovu wa mguu. Winkfield aliijua njia ile vizuri, akawaelekeza wapinzani wake kwenye mchanga mzito, akashinda kwa urefu wa pua ya farasi.

Baadaye mwaka huohuo klabu ilinunuliwa na kundi la wenyeji wa Louisville wakiongozwa na Charles Grainger, aliyekuwa meya wa mji, pamoja na Matt Winn. Winn, yule mtoto wa juu ya gari la mizigo, alikuwa sasa mtu mzima mwenye biashara ya ushonaji wa nguo. Hakuwa mfugaji wa farasi wala mkufunzi. Alijua mambo mawili: alipenda Derby, na alijua kumridhisha mteja. Mwaka 1904 aliacha ushonaji akawa meneja wa uwanja. Aliendelea na kazi hiyo, na kuanzia 1938 akawa rais wa klabu, mpaka alipofariki mwaka 1949.

Winn aliujazaje uwanja? Tukizichambua kazi zake tutaona hatua nne.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuwarudisha wenyeji. Uongozi mpya ulijenga nyumba ya klabu kwa fedha za wanachama wapya, kisha ukaufungua uwanja kwa mambo mengine yasiyo ya farasi, kama bendi za muziki na maonyesho ya kilimo ya jimbo. Mtu asiyependa farasi alikuja kusikiliza muziki, akazoea njia ya kwenda uwanjani. Mwaka 1903 klabu ilipata faida kwa mara ya kwanza.

Hatua ya pili ilihusu dau. Mwaka 1908 halmashauri ya mji ilipiga marufuku kazi ya wapokea dau binafsi, na ikaonekana kwamba Derby ingekufa. Winn akagundua kwamba sheria ya jimbo iliruhusu utaratibu mwingine, uliobuniwa na Joseph Oller huko Ufaransa katika karne ya 19. Katika utaratibu huo fedha zote za wachezaji hutiwa katika chungu kimoja. Klabu hutoa sehemu yake kwanza, na kinachobaki hugawanywa baina ya waliomchagua farasi aliyeshinda. Mathalan, chungu kikiwa na dola 1,000 na klabu ikachukua 100, washindi hugawana 900 tu. Winn alizitafuta mashine za zamani za kazi hiyo, akashinda kesi mahakamani, na mwaka huo tiketi ya dola 5 kwa farasi Stone Street ikalipa dola 123.60. Mwaka 1911 alishusha bei ya tiketi kutoka dola 5 hadi dola 2, na hapo mtu wa mshahara mdogo akaweza kushiriki.

Hatua ya tatu ilikuwa habari. Winn alikaa New York kwa muda mrefu kila mwaka, akafanya urafiki na waandishi wa magazeti. Bahati nayo ilimsaidia. Mwaka 1913 farasi Donerail, ambaye hakutazamiwa na mtu, alishinda na kulipa dola 184.90 kwa tiketi ya dola 2. Mwaka 1915 tajiri Harry Payne Whitney alileta farasi jike aitwaye Regret, akawa farasi jike wa kwanza kushinda Derby. Visa hivyo viliandikwa nchi nzima. Mwaka 1925 mbio zilitangazwa kwa redio, na sauti za uwanjani zikafika katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kukanyaga Kentucky.

Hatua ya nne ilikuwa kulinda mazoea. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilizuia safari zisizo za lazima. Winn hakukubali Derby ivunjwe. Hakuuza tiketi kwa watu wa mbali, nao wenyeji wakaja kwa tramu za mji. Kwa hiyo mfululizo wa mashindano tangu 1875 haukukatika. Mashindano ya 100, mwaka 1974, yalihudhuriwa na watu 163,628, na mwaka 2015 wakafika 170,513. Tukikumbuka wale 10,000 wa siku ya kwanza, tutakubali kwamba Winn na waliomrithi waliijua kazi yao.

Waliotoweka

Sasa turudi kwa wapanda farasi. Ushindi wa Winkfield wa Mei 1902 ndio uliokuwa wa mwisho kwa mtu mweusi katika Derby mpaka hivi leo. Mwaka 1903, wa kwanza wa uongozi mpya, alikuwa wa pili. Jess Conley alikuwa wa tatu mwaka 1911, na Henry King alishiriki mwaka 1921. Baada ya hapo Mmarekani mweusi hakuonekana tena kati ya wapanda farasi wa Derby mpaka mwaka 2000, alipopanda Marlon St. Julien. Ni miaka 79.

Haitakuwa haki kusema kwamba Winn aliandika amri ya kuwafukuza. Hatujaona amri ya namna hiyo, wala haikuhitajika. Mambo mengine yalifanya kazi hiyo. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha kuwatenga watu kwa rangi. Mwaka 1904, mwaka uleule ambao Winn alikuwa meneja, bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya kukataza wanafunzi weupe na weusi kusoma katika shule moja. Katika viwanja vyenyewe, malipo ya mpanda farasi yalikuwa yamepanda, na kazi iliyoitwa ya watumwa ikaanza kutamaniwa. Mwaka 1900, katika viwanja vya New York, wapanda farasi weupe walishirikiana kuwabana wenzao weusi kwenye ukingo wa njia na kuwapiga kwa mijeledi mbio zikiendelea. Wenye farasi waliogopa farasi wao kuumizwa, wakaacha kuwaajiri weusi. Hivyo kila mmoja alitoa sababu yake ndogo, na jumla ya sababu hizo ikawa ni ukuta.

Hata hivyo, uongozi wa klabu hauwezi kuachwa nje ya hesabu. Kiongozi aliyeweza kwenda mahakamani kutetea mashine za dau, na aliyeweza kuigeuza fikira ya magazeti ya New York, alikuwa na sauti. Sauti hiyo haikusikika ikiwatetea watu ambao aliwaona wakishinda tangu alipokuwa mtoto wa miaka 13. Wahenga walisema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Daftari la klabu lilihesabu walioingia mlangoni. Halikuwa na ukurasa wa walioondoka katika mazizi.

Maisha ya Winkfield yatuonyeshe gharama yake. Mwaka 1904 alikwenda Urusi, akawa mpanda farasi maarufu wa matajiri wa huko. Mapinduzi yalipotokea, alikimbia kutoka Odessa mwaka 1919 katika msafara uliovusha farasi zaidi ya 200 mpaka Poland. Baadaye aliishi Ufaransa, akawa mkufunzi. Wajerumani walipoivamia Ufaransa mwaka 1940 alilazimika kuondoka, akarudi Marekani kufanya kazi za mazizini, kisha akarejea Ufaransa baada ya vita. Mwaka 1961 alialikwa Louisville katika karamu ya waandishi wa habari za farasi. Mtu aliyeshinda Derby mara mbili alizuiwa kuingia kwa mlango wa mbele wa hoteli kwa sababu ya rangi yake, akangoja mpaka wenyeji wake walipothibitisha kuwa ni mgeni wao. Alifariki mwaka 1974, mwaka wa Derby ya 100, ile iliyojaza watu 163,628.

Majukwaa yanapodaiwa haki

Mwaka 1967 watu weusi wa Louisville walikuwa wakidai sheria itakayowawezesha kupanga na kununua nyumba mahali popote mjini. Baraza la mji lilikataa. Waandamanaji walijua kwamba kitu ambacho wakuu wa mji walikithamini kupita vyote kilikuwa Derby. Siku chache kabla ya mashindano, vijana waliingia uwanjani na kukimbia mbele ya farasi. Gwaride la sherehe likafutwa, na siku ya Derby uwanja ulilindwa na polisi na askari. Martin Luther King, aliyekuwa amefika kuwaunga mkono, alikubaliana na wenzake kwamba maandamano ya siku hiyo yafanyike katikati ya mji badala ya uwanjani. Mwezi Desemba mwaka huohuo, baada ya uchaguzi, baraza jipya lilipitisha sheria waliyoidai.

Tukio hili lina maana kubwa. Uwanja uliokuwa umewasahau watu weusi kama wapanda farasi ulilazimika kuwasikia kama raia. Na jambo jingine la kufikirisha ni kwamba kila mwaka, farasi wanapotoka kuingia njiani, umati huimba wimbo wa Stephen Foster, uliochapishwa mwaka 1853, ambao maudhui yake ni huzuni ya mtumwa anayetengwa na nyumba yake ya Kentucky. Huzuni ya mtumwa ilihifadhiwa katika wimbo, lakini jina la mjukuu wake likafutwa katika orodha ya wapanda farasi.

Katika miaka ya karibuni kumbukumbu hiyo imeanza kurekebishwa. Isaac Murphy aliingizwa katika jumba la heshima la mbio za farasi la Marekani mwaka 1955, Ansel Williamson mwaka 1998, na Winkfield mwaka 2004, miaka 30 baada ya kufa kwake.

Mafunzo kwetu

Huenda msomaji akauliza: haya yatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki, ambao hatukuwa watu wa farasi? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, sisi pia tulionja mchezo huo. Klabu ya mbio za farasi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Nairobi mwaka 1904. Ilikuwa klabu ya walowezi, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa saisi, yaani mtunzaji wa farasi. Mbio zilihamia uwanja wa Ngong mwaka 1954, lakini mpaka leo barabara moja ya Nairobi, karibu na Kariokor, ina jina la uwanja wa mbio uliokuwapo zamani. Majina ya klabu na ya barabara yamehifadhiwa. Majina ya masaisi ni mangapi tuyajuayo? Tulinganishe na mbio za punda za Lamu, zinazofanyika wakati wa sherehe za Maulidi. Hapo punda ni yuleyule abebaye mizigo kila siku, na mpanda punda ni kijana wa palepale. Umati unamjua kwa jina, na ushindi wake hubaki mtaani kwao.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, sisi sote ni viongozi au wanachama wa vyama: vya mpira, vya ngoma, vya taarabu, vya mashindano ya ngalawa. Mara nyingi chama kikidhoofika tunataka uongozi mpya, na uongozi mpya huahidi kuwarudisha watazamaji. Kwa upande huo Winn ana mengi ya kutufundisha. Aliwasikiliza wenyeji, alishusha bei, aliondoa ugomvi, alitangaza habari, na hakuruhusu mazoea ya mwaka kukatika. Lakini tukumbuke pia kwamba sehemu kubwa ya mafanikio yake ilisimama juu ya kamari, na katika kamari ile chungu hupunguzwa kabla ya kugawanywa. Aliye na hakika ya faida ni mwenye chungu peke yake. Mwalimu wa hesabu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo kwa mfano tulioutoa hapo juu, na kulinganisha na michezo ya dau inayowavuta vijana wa leo.

Juu ya hayo yote, hesabu ya walioingia mlangoni ni nusu tu ya hesabu ya uongozi. Nusu ya pili ni ya wale wanaoufanya mchezo uwepo: kama bado wamo, kama wanalipwa, kama watoto wao wanaweza kuwarithi. Kuna msemo usemao: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Msemo huo hutaja tabia ya watu ya kuwasahau waliotangulia. Hautuamuru kuifuata.

Kwa hiyo tungependa kupendekeza kazi moja kwa walimu na wanafunzi. Chagueni chama kimoja cha michezo au sanaa kilicho karibu na shule yenu. Tafuteni majina ya viongozi wake, ambayo bila shaka yameandikwa ofisini. Kisha tafuteni majina ya wapiga ngoma wa kwanza, waliochonga ngalawa, waliofyeka uwanja, na waliowafundisha vijana bila ya malipo. Majina hayo aghalabu hayakuandikwa. Yamo katika vichwa vya wazee, na wazee hawatungoji. Yaandikeni pamoja na miaka na kazi ya kila mmoja, na daftari hilo liwekwe katika maktaba ya shule. Oliver Lewis alishinda mbele ya watu 10,000, lakini baada yake vizazi vingi vya wapenzi wa mbio vilikua bila ya kulisikia jina lake.